Pesa ya Mezani

Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Hosiana alivaa gauni lake la kitenge, akafunga kilemba, akamwachia binti yake Philomena maagizo ya nyumba, kisha akapanda bodaboda kutoka Nyahanga kwenda katikati ya mji wa Kahama. Majirani waliokuwa wakianika karanga walimsindikiza kwa macho. Walijua anakokwenda. Alikuwa anakwenda kucheza karata.

Na hazikuwa karata zile za barazani, za kupoozea jua. Ilikuwa poka, mchezo wa dau, nao ulichezwa ghorofani juu ya duka la vipuri la Sunil, mfanyabiashara ambaye babu yake alifika Kahama kununua pamba. Pale mezani walikaa wenye mashine za kukoboa mpunga, wanunuzi wa dhahabu, wenye malori. Mwanamke alikuwa mmoja tu.

"Mke wa mwimba kwaya, anacheza kamari na wanaume," walisema Nyahanga.

Hosiana aliyasikia maneno hayo dukani, kisimani, hata kwenye mistari ya kutoka kanisani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliona kwamba jambo lenyewe ni refu mno kulieleza njiani.

Alizaliwa Kagongwa, mji wa mpunga, baba yake akiwa mwendesha mashine ya kukobolea. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda kwa shangazi yake Mwanza kutafuta kazi, akaipata mahali ambapo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufanya kazi: kwenye kasino. Walimfundisha kugawa karata. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyepesi, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayesikiliza, kwa hiyo haikuchukua muda wakampa meza ya poka. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kusimama, kugawa, na kutazama.

Aliona mengi, lakini mtu aliyembadilisha ni mmoja tu, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita aliyeitwa Mwigulu.

Mwigulu alicheza vizuri kuliko mtu yeyote aliyepata kukaa kwenye meza ile. Aliwasoma watu kama mwalimu anavyosoma daftari la mtoto. Alijua lini mwenzake anadanganya kwa dau kubwa, na alijua kutupa karata nzuri anapohisi kuna nzuri zaidi ng'ambo ya meza. Kosa lake lilikuwa moja, nalo halikuwa kwenye karata. Hakuwa na ukuta kati ya mfuko wake na meza. Akiuza dhahabu, pesa yote ilikuja naye. Akishinda, alileta zaidi wiki iliyofuata. Kisha yakamfika majuma mabaya, yale ambayo humfika kila mchezaji, mjuzi na mjinga, karata zinapokataa tu bila sababu. Mwenye akiba huyapitisha kimya kimya, akingoja yaishe. Mwigulu hakuwa na akiba. Alileta pesa ya mafuta ya lori lake, halafu akaleta lori.

Asubuhi moja Hosiana alimkuta amesimama karibu na mlango wa wafanyakazi, shati lake zuri limekunjamana.

"Binti," alimwambia, "nina aibu kukuomba. Nisaidie nauli ya Geita."

Hosiana alifungua pochi akampa. Mwigulu aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtoto anayepewa kitu na mkubwa, akavuka barabara kuelekea stendi bila begi wala mfuko. Hakuonekana tena. Kwa muda mrefu Hosiana hakuweza kugawa karata bila kuiona ile mikono miwili.

Basi yeye mwenyewe alipoacha kazi na kuanza kucheza, alianza na ukuta.

Alisajili laini ya pili ya simu. Ndani yake akaweka kiinua mgongo chake, pesa ambayo, kama ingepotea yote, hakuna mtu ambaye angelala njaa. Aliiita fungu la mezani. Hakukaa kwenye meza yoyote na zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya fungu hilo. Sehemu hiyo ikiisha, aliinuka, akaaga kwa adabu, akarudi nyumbani hata kama jua lilikuwa bado juu na wenzake wakimsihi abaki. Fungu likipungua hadi nusu, aliihama meza ya Sunil akaenda Isaka kucheza dau dogo na madereva wa malori, na hakuona haya. Likikua, alitoa sehemu akaileta nyumbani. Hakukopa ili acheze, wala hakumkopesha mtu aliyekuwa mezani. Na juu ya yote hayo lilikuwepo sharti moja ambalo hakulipindisha hata mara moja: pesa ilikuwa na ruhusa ya kutoka mezani kuja nyumbani, lakini ya nyumbani haikwenda mezani.

Alimweleza Wilbard yote hayo kabla hawajafunga ndoa. Wilbard alikuwa fundi seremala, Mkatoliki wa Ushirombo, mwenye sauti nzito ambayo kwaya nzima iliegemea.

"Mjuzi humshinda asiyejua," Hosiana alimwambia, "lakini humshinda kwa mwaka, si kwa Jumamosi moja. Jumamosi moja mtu asiyejua kitu anaweza kukuvua mpaka viatu. Kwa hiyo ujuzi hauna maana kama huna kitu cha kukufikisha mwisho wa mwaka."

Wilbard alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, "Sipendi. Lakini umenieleza kabla sijauliza. Naomba jambo moja tu. Hela hiyo isiingie kwenye kapu la sadaka."

Hosiana alikubali. Miaka ikaenda. Fungu la mezani lilimsomesha Philomena, likajenga vyumba viwili vya nyuma na kuvuta maji hadi uani. Sadaka ilitoka kwenye vitanda na milango ya Wilbard. Watu wakaendelea kusema, na Wilbard, aliposikia wakisema, aliinamisha kichwa kana kwamba anatafuta msumari ulioanguka.

Jambo lililowapata lilianza na Athanas.

Athanas alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Wilbard. Walilelewa nyumba moja Ushirombo, wakachunga ng'ombe pamoja, wakapokea Kipaimara siku moja. Alikuwa na hisa kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, katika machimbo mapya upande wa Geita. Wilbard alianza kumuuzia matimba, zile nguzo za mbao zinazozuia kuta za shimo zisianguke. Alikuwa akipeleka mzigo, anapima, anafunga, anarudi. Siku moja alirudi na jiwe mfukoni. Akaliweka mezani, akalilowesha maji, akaligeuza kwenye mwanga wa dirishani.

"Unaona?" alisema. "Huo mstari."

Hosiana aliona mstari mwembamba, wa manjano hafifu, kama uzi uliosahauliwa kwenye nguo.

"Athanas anasema wamebakiza kidogo wafike kwenye mwamba wenyewe. Ananipa nafasi ya kuingia."

Akaingia kwa akiba yake. Mwamba haukufikiwa. Akauza mashine yake ya kuranda mbao, ile aliyoinunua kwa miaka mitatu ya kujinyima. Maji yakajaa shimoni, ikabidi zikodiwe pampu. Akauza shamba alilorithi Ushirombo, na alipotoka kutia sahihi alipita kanisani akapiga magoti kwa muda mrefu. Kila mara alipotoa pesa hizo alizitoa kwa uso wa mtu anayefanya kazi ya heshima, na hakuna jirani hata mmoja aliyemwita mcheza kamari.

Hosiana alitazama. Ilikuwa kama amesimama tena pale Mwanza, nyuma ya meza, asiye na ruhusa ya kusema.

Masika yalikuwa yameanza Wilbard alipokuja kumwomba. Ilikuwa baada ya chakula, mvua ikipiga bati.

"Mama Filo, nataka kukuuliza kuhusu laini ile ya pili."

"Nakusikiliza, Baba Filo."

"Tunahitaji kompresa ya kupasulia mwamba. Na matimba mapya. Yale ya chini yamelowa. Ukitoa lile fungu tunamaliza kila kitu."

"Fungu lote?"

"Lote. Nitakurudishia mara mbili."

Hosiana alikunja khanga yake magotini, akaikunjua. "Kama halitarudi, kesho tunasimamia nini? Mashine umeuza. Shamba umeuza. Akiba imeisha. Limebaki hilo tu."

"Litarudi."

"Hata mimi nikikaa na karata nzuri kuliko zote mezani, siweki kila kitu. Nakupa sehemu moja. Nunua matimba."

Wilbard alisimama. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumpandishia sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha. Labda ingekuwa nafuu kama angeipandisha.

"Usifananishe," alisema. "Wewe unakwenda kukaa juu ya duka la watu unakunywa chai. Mimi natafuta riziki kwa mikono. Hiyo sehemu yako baki nayo."

Kesho yake alifunga nguo kwenye mfuko wa salfeti, akaenda Geita kufanya kazi shimoni mwenyewe ili wapunguze gharama za vibarua.

Simu ililia asubuhi, Hosiana akiwa anapepeta mchele uani. Sauti ya mtu asiyemjua ilimuuliza kama yeye ndiye Mama Philomena, kisha ikamwambia duara limebomoka, na Wilbard na Athanas wamo ndani. Alifika machimboni mchana, miguu imejaa tope jekundu. Wachimbaji walikuwa wamejipanga wakipokezana ndoo za udongo. Waliwatoa wote wawili kabla jua halijazama. Wilbard alikuwa anapumua, mguu wake wa kulia umepondeka chini ya goti. Athanas hakuwa anapumua.

Walipomlaza Athanas juu ya turubai, Scolastika mkewe alikaa chini kando yake, akaanza kumsafisha udongo masikioni kwa ncha ya khanga, taratibu, kama anayemwandaa kwenda mahali.

Hosiana alibeba mizigo miwili kifuani mwake siku ile: mguu wa mumewe, na swali. Matimba ya chini yamelowa, Wilbard alimwambia. Na yeye alikuwa na pesa. Sehemu aliyotoa ilikataliwa; je, kama angetoa fungu lote?

Fungu la mezani likaenda hospitali kubwa ya Mwanza. Halikwenda kwa hasara. Lilikwenda kwa njia ile ile iliyoruhusiwa, kutoka mezani kuja nyumbani, na lililipia upasuaji, kitanda, dawa na damu. Hosiana alipoangalia salio kwenye laini ya pili, lilikuwa limebaki la kununulia kilo chache za sukari. Alifikiri: kama ningempa, leo tusingekuwa na pesa ya hospitali. Halafu akafikiri: kama ningempa, pengine tusingekuwa hapa. Mawazo hayo mawili yalikaa naye kwenye benchi la wodi, moja kila upande, na hakuna lililomshinda mwenzake.

Wilbard alirudi Nyahanga kwa magongo. Miezi ikapita, mfupa ukakataa kuunga. Madaktari wakasema ni lazima apasuliwe tena na kuwekewa chuma, vinginevyo mguu huo hautamsimamisha. Jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wao ikachanga. Kwaya ikachanga. Waliokuwa wakimsema Hosiana kisimani walikuja na noti zilizokunjwa, wakazitia mikononi mwake bila kumtazama usoni. Ilipojumlishwa, ilifika kama nusu ya iliyotakiwa.

Hapo ilikuwa Oktoba, Diwali imekaribia. Kila mwaka kwa siku zile Sunil aliandaa meza kubwa, wageni wakitoka Geita, Shinyanga na Mwanza. Alimpigia simu Hosiana mwenyewe.

"Dada Hosiana, wageni wangu mwaka huu wana pesa nyingi na akili kidogo. Njoo. Kama huna cha kuanzia, nitakukopesha. Utanilipa ukishinda."

"Sikopi, kaka Sunil. Ahsante."

Lakini Jumamosi ile alikwenda. Na pesa aliyokwenda nayo ilikuwa ya michango.

Hakumwambia mtu. Njiani, juu ya bodaboda, alijieleza kama wakili. Hao ni watu wasiojua kitu. Yeye amewazidi mbali. Nusu ikizaa nusu nyingine, mguu umepona, na hakuna atakayejua. Hesabu ilikuwa nzuri. Alipanda ngazi za duka la vipuri akinusa harufu ya mpira mpya na udi, akakaa kwenye kiti, akabadilisha pesa ya jumuiya na kwaya kwa chipu, vile vipande vya plastiki vya rangi vinavyosimama badala ya fedha. Akazipanga mbele yake. Aliona jinsi zinavyopendeza.

Kwenye poka kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata za wote hufunuliwa katikati, na kabla na baada ya kila ufunuo watu hupandisha dau au hutupa. Mzunguko wa kwanza Hosiana aliinua pembe za karata zake akaona wafalme wawili, wa kopa na wa shupaza. Ni karata ambazo mchezaji huzisubiri mchana kutwa. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, kijana mwenye saa kubwa, akapandisha dau hadi karibu theluthi ya chipu za Hosiana.

Hosiana alijua la kufanya. Angeamshwa usingizini angejua. Ni kupandisha juu yake, tena sana.

Akatazama chipu zake, na hakuona chipu. Aliona mguu. Aliona ule mkono wa mzee wa jumuiya ukimtilia noti kiganjani. Vidole vyake, vile vile vilivyosifiwa Mwanza, vikazisukuma karata katikati ya meza, kifudifudi.

"Natupa," alisema.

Kijana yule alicheka akafunua zake kwa majivuno: jozi ya tisa.

Hakuna aliyejua Hosiana alitupa nini. Yeye alijua. Alikaa akizitazama zile tisa mbili. Alikuja pale kwa sababu amewazidi wote ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa umemtoroka kwenye karata ya kwanza. Pesa isiyoruhusiwa kupotea ilikuwa imemfanya mchezaji mbaya kuliko yule kijana. Akibaki, ataendelea kutupa wafalme kwa hofu mpaka chipu zipungue, kisha hofu itageuka hasira, naye ataziweka zote kwa mara moja juu ya takataka. Alishalishuhudia mara nyingi, akiwa amesimama upande wa pili wa meza.

Upande wa pili wa meza. Alisimama.

"Kaka Sunil, nani anawagawia karata?"

Sunil alishangaa. "Tunagawa wenyewe, kwa zamu. Vipi?"

"Mnapoteza muda, na huyu bwana anachanganya vibaya, karata zinaonekana chini. Nibadilishie chipu zangu, halafu niajiri. Nitagawa mpaka sikukuu iishe. Unilipe wewe kwa siku, na kila atakayeshinda anipe bakshishi anavyoona."

Wageni wakaangua kicheko. Mmoja wao, mzee mwenye malori kutoka Shinyanga, hakucheka. "Aliwahi kunigawia Mwanza," alisema. "Mpeni karata."

Hosiana akavua saa, akakunja mikono ya gauni. Alipozichanganya karata, zilitoa sauti kama ya mvua ya ghafla juu ya majani ya mgomba, na wageni wakasogeza viti karibu.

Walipopumzika kwa chai, Madhuben, mama yake Sunil, alimwita jikoni. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini hivi aliyekulia Kahama, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili cha wengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu. Kaa." Alimwita mama kwa Kisukuma, akamsogezea kikombe. "Mimi huu mchezo siupendi. Kwetu ni wa Diwali tu, wa kuombea mwaka mwema, halafu unafungwa kabatini. Mwanangu hasikii. Leo nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakuona uso. Nilitaka kuja kukushika mkono."

"Kwa nini hukuja, mama?"

"Ulisimama mwenyewe kabla sijafika. Mimi ni mzee, natembea polepole."

Wote wawili wakacheka kidogo, kisha Hosiana akalia, naye Madhuben akaendelea kukaanga bila kumharakisha.

Aligawa karata siku zote za sikukuu. Yule kijana mwenye saa kubwa aliondoka bila saa. Wengine walishinda, na walioshinda walikuwa wakarimu. Bakshishi, malipo ya Sunil, michango ambayo haikupungua isipokuwa dau dogo la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, na ng'ombe mmoja aliyeuzwa na shemeji yake Ushirombo, vikatosha. Hosiana alilirudisha dau lile dogo kutoka kwenye ujira wake siku ile ile ya kwanza. Wilbard akawekewa chuma. Kabla ya Kwaresima alisimama bila magongo, mguu umekakamaa, lakini unamsimamisha.

Alirudi kwenye benchi lake la useremala, sasa na randa ya mkono. Alasiri moja Hosiana alimpelekea uji. Alikuwa ameketi juu ya mbao ambayo hajaigusa.

"Mama Filo, kaa kidogo."

Akakaa.

"Sijawahi kukuambia habari ya matimba. Najua unaifikiria. Unanyamaza, lakini usiku nasikia unavyopumua." Alisugua goti lake. "Hata kama ungetoa lile fungu, tusingenunua matimba. Tulishakubaliana mimi na Athanas. Kompresa kwanza. Matimba nilikutajia ili ukubali."

Hosiana alimtazama. Macho ya Wilbard yalikuwa kwenye randa. Miaka sita alilipwa kwa kujua nani anasema kweli na nani anapandisha dau bila karata, na bado, kwa mtu huyu mmoja, hakuweza kujua. Inawezekana ilikuwa kweli, na inawezekana mumewe alikuwa ameamua kuubeba mzigo ule yeye, kwa kuwa alikuwa na mabega mapana zaidi.

"Ahsante," alisema. Na hakuuliza zaidi, siku ile wala baadaye.

Scolastika alikuja Nyahanga baada ya mavuno, na kuku wawili na mfuko wa mihogo. Walipokwisha kula alifungua fundo kwenye pembe ya khanga. Ndani mlikuwa na kadi ya simu, ile ndogo ya laini.

"Wenye duara walinipa rambirambi, na hisa ya marehemu wamenunua wao. Iko humu," alisema. "Shemeji zangu kila siku wanakuja. Wanasema kuna duara jingine, nikiiweka huko itazaa. Padri ananiambia nisali. Mimi nimekuja kwako."

"Kwangu mimi?" Hosiana alisema. "Unajua watu wanavyoniita."

"Najua. Nami nilikuita hivyo hivyo, unisamehe. Lakini nimekaa nikahesabu watu wote ninaowajua wanaogusa pesa nyingi. Wewe peke yako ndiye niliyesikia kwamba aliinuka mezani akaondoka. Sunil alimsimulia Wilbard, Wilbard akatusimulia. Nifundishe hilo la kuinuka."

Hosiana hakucheka. Aliifuta meza kwa kiganja, akamwomba Philomena alete punje za mahindi, akazimwaga. Kisha wakaanza kuzigawa pamoja: za ada ya watoto, zisizoguswa, za chakula hadi msimu ujao, za ugonjwa. Zilizobaki zilikuwa chache.

"Hizi," Hosiana alisema, "unaweza kuzijaribia biashara. Mchele, mafuta ya alizeti, chochote. Si zote kwa mara moja. Zikipotea, umepoteza hizi tu, na watoto hawatajua kama kuna kilichotokea. Zikizaa, rudisha kidogo kule kwenye ugonjwa kwanza."

"Na shemeji zangu?"

"Waambie iko kwenye laini yangu, na mimi ni mcheza kamari, sitoi."

Scolastika akacheka, kicheko chake cha kwanza ambacho Hosiana alikisikia tangu machimboni. Akazikusanya punje kila fungu kwenye karatasi yake, akazifunga, akaomba azichukue vile vile aende nazo Ushirombo, azionyeshe watoto.